Mkia Usiopasuliwa

3 Juni, Jumatatu

Kosa wanalofanya wengi wanaoanza kufuga njiwa wa mashindano ni haraka. Kinda akishajua kuzunguka juu ya paa, mfugaji anaona mambo yameiva, anamtia kikapuni na kumpeleka kilomita arobaini. Mchana kutwa anakaa uani shingo imekakamaa kwa kutazama juu, akilaumu upepo. Njiwa hufundishwa kurudi nyumbani kama mtoto anavyofundishwa kusoma. Unaanza na kilomita tano, unarudia, unakwenda kumi, unarudia. Anayeruka hatua hupoteza ndege.

Fundi Saa, katibu wa klabu yetu, anayetengeneza saa za watu na kuchelewa kila mkutano, ameniomba niandike daftari hili kuanzia leo hadi mashindano ya makinda tarehe 10 Agosti. Litasomwa na wanachama wapya.

"Andika kila kitu," alisema. "Ila usiandike kama uko mbele ya ubao."

Nilimwambia la kwanza naliahidi, la pili siliahidi. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na minne.

Nina makinda kumi na wawili. Sita ni wangu. Sita ni wa dada yangu, nao ndio wa thamani. Mama yao alikuwa jike wa kijivu ambaye dada alimwita Cherehani kwa sababu ya sauti yake, maana alikuwa akinguruma bila kupumzika kama mashine ya kushonea. Alikufa mwaka huu baada ya kulea makinda yake ya mwisho, na dume wake akamfuata. Ukoo ule dada aliuanza kabla mimi sijaoa. Sasa umebaki kwenye hawa sita: Kola, Kifungo, Uzi, Mfuko, Sindano na Pindo. Majina ametoa yeye. Alikuwa fundi wa nguo miaka arobaini, na kwake hata ndege ana mshono.

Dada ananizidi miaka sita. Mwaka jana alianguka akavunjika nyonga, tukamhamishia kwangu, chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama banda. Hatembei. Muuguzi huja asubuhi, humwogesha, na humweka kwenye kiti cha dirishani saa mbili na robo. Ameniomba jambo moja tu: siku ya mashindano amwone mmoja wa wale sita akishuka bandani, ili ajue ukoo haukwishi naye.


5 Juni, Jumatano

Leo nieleze mpango, kwa faida ya wageni.

Dereva wa lori la maziwa hupita kwangu alfajiri. Mimi na kikapu tunapanda, ananishusha mahali pa kufungulia, anaendelea na mizunguko yake, na akirudi ananipitia. Mimi hufika nyumbani saa tatu na nusu, ndege wameshatangulia. Angeweza kuwafungua yeye, lakini nina kanuni: aliyefunga kikapu ndiye akifungue.

Nyumbani anayepokea ni dada. Nimemchorea jedwali la safu mbili, idadi na saa. Aliuliza safu ya maelezo iko wapi.

"Namba na saa tu, dada. Maelezo yanachafua jedwali."

"Mama alisema ulipozaliwa hukulia," akajibu. "Ulianza na 'kwa mfano.'"

Jambo moja najivunia. Kwa kuwa najua mwendo wa ndege na umbali, naweza kuchagua dakika ya kuwafungua ili wafike saa mbili na nusu, dada akiwa tayari kitini na kikombe chake mkononi. Umbali utabadilika, saa ya kufika haitabadilika. Nilimwonyesha hesabu. Alicheka, akasema hata basi la abiria halijawahi kumtendea hivyo.


10 Juni, Jumatatu

Kilomita tano. Wote kumi na wawili. Dada ameandika: 12, saa 2:30. Pembeni, nje ya jedwali, amechora kifungo cha shati.


11 Juni, Jumanne

Wote wamerudi. Baridi, ukungu kidogo.

Dada anasema kuna ndege mkubwa aliyetua juu ya mnara wa tangi la maji, ule ulio nyuma ya nyumba za jirani, kabla makinda hawajafika. Nilimwambia ni mwewe. Mwewe wamejaa hapa, wanaokota mizoga na vifaranga. Nilimweleza kwamba mwewe hana mbio za kumpata njiwa wa mashindano, na kwamba anayepaswa kuogopwa ni kipanga, ambaye hukaa porini na kwenye majabali, mbali na kelele za watu.

"Haya," alisema.


12 Juni, Jumatano

12 wameondoka, 11 wamefika. Kola hayupo.

Nilikaa bandani hadi jua likazama, nikitikisa kopo la mtama. Kinda mmoja kupotea katika wiki ya kwanza ni jambo la kawaida, na wageni wasivunjike moyo. Hayo nimeyaandika kwa utulivu. Nilipokwenda kumwambia dada, yeye alikuwa tayari anajua, na aliniangalia kama anayengoja nimuulize kitu. Nilimwambia pengine Kola amelala kwenye paa la watu, atarudi kesho.


13 Juni

Hakurudi.


17 Juni, Jumatatu

Kilomita kumi. 11, saa 2:31. Dakika moja ya upepo wa mbele. Nilimwomba dada radhi kwa niaba ya upepo.


19 Juni, Jumatano

Mfuko hayupo.

Alikuwa mzito wa mwili na mpole, wa kwanza kuja mkononi. Mahali pa kufungulia pana kichaka kikubwa upande wa mashariki, na nimekubali sasa kwamba kuna kipanga mle. Ndege wakiinuka kutoka kikapuni hawajapanga safu, wanababaika, na hapo ndipo hunaswa. Vitabu vyote vinasema hivyo. Kuanzia kesho tutafungulia ng'ambo ya kichaka, kwenye uwanja mtupu.

Dada na mimi tulizungumza jioni, na nayaandika mazungumzo kwa sababu yalinichekesha.

"Yule ndege wa mnarani," alisema, "si mwewe."

"Ni mwewe, dada."

"Mkia wa mwewe umepasuliwa katikati, kama nyuma ya koti. Wa huyu haukupasuliwa. Umekatwa sawasawa. Na mabega yake ni ya koti jingine kabisa."

"Kutoka hapa hadi mnarani ni mita mia mbili. Na macho yako ni ya miaka sabini na saba."

"Macho haya yalitunga uzi kwenye sindano hadi mwaka juzi."

Nikamweleza kwamba mwewe akiukunjua mkia, ule mpasuko hupotea, na kwamba uzeeni mtu aweza kutunga sindano na bado asione vizuri cha mbali. Nikamchorea mchoro. Aliuangalia mchoro, akaukunja mara mbili, akauweka chini ya kikombe.

"Sawa, mwalimu," alisema.

Huniita mdogo wangu. Mwalimu ananiita nikimuudhi.


21 Juni, Ijumaa

Uwanja mtupu haukusaidia. Mmoja wangu hakufika. 9.


24 Juni, Jumatatu

Mvua nyembamba. Hatukwenda.

Muuguzi ananilalamikia, kwa adabu. "Baba, bibi anagonga kioo cha dirisha kila asubuhi kwa ile kastabani yake, ile ya kuvaa kidoleni akishona. Naacha kazi jikoni nakimbia. Nikifika namuuliza, bibi unataka nini, anasema, siyo wewe."

Nikaona huo ni uzee tu. Nilichimbua sandukuni kengele yangu ya shuleni nikampelekea dada. Nilimweleza kwamba kugonga kioo kunamsumbua muuguzi, na kinaweza kupasuka. Akitaka kitu apige kengele.

Aliigeuza mkononi. "Hii inasikika wapi?"

"Nyumba nzima."

"Nje je?"

"Nje ya nini? Muuguzi yuko jikoni."

Akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha.


27 Juni, Alhamisi

Mwingine wangu. Wamebaki wanane. Nimemwambia dereva tubadili barabara kabisa, twende upande wa machimbo ya kokoto.

"Mzee wangu," alisema, "kama kuna jini anakula hawa ndege, anatufuata na lori."

"Hakuna jini. Kuna kipanga mmoja, na mimi ni mtu wa mpangilio. Nitamshinda kwa mpangilio."

"Basi na yeye ni mtu wa mpangilio," akasema, akabadilisha gia.


2 Julai, Jumanne

Leo nitaandika kwa urefu.

Tulifungulia machimboni, kilomita ishirini na tano. Waliinuka vizuri, wanane, wakazunguka mara moja tu, wakashika njia. Niliwafuata kwa darubini hadi wakawa vumbi. Hapakuwa na kitu angani. Nilimwambia dereva, leo tumemweza. Akaniwekea mkono begani kama mimi ndiye mdogo.

Nilipofika nyumbani muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, na ndani ya taulo alikuwa Kifungo.

Alikuwa amefika mwenyewe. Alianguka uani, si bandani. Mgongo ulikuwa umefunguka kutoka kwenye shingo hadi kiunoni, nyama inaonekana, na damu ilikuwa bado mbichi, ikilowesha taulo. Nilimpeleka mezani nikamsafisha kwa maji ya chumvi. Mikono yangu bado inajua kazi. Dada aliomba aletwe. Alimtazama muda mrefu, akasema nipate uzi wa hariri mweusi kwenye kopo lake na sindano nyembamba kuliko zote, kisha akamshona. Sikuwahi kumwona akishona tangu aanguke. Mikono yake inatetemeka akishika kikombe, lakini ilipogusa sindano ilitulia. Mishono kumi na mmoja, midogo kama ya kola ya mtoto.

Kifungo alikufa mchana, kwenye mapaja yake, saa nane.

Nilikaa karibu naye. Nilimweleza kwamba kipanga hupiga kwa kucha za nyuma akishuka kwa kasi, na kwamba kwa njiwa kuruka kilomita ishirini na tano katika hali ile ni ajabu ya maumbile. Nadhani nilitaka kumfariji. Alikuwa akimpapasa ndege aliyekwisha kupoa.

"Hakuruka kilomita ishirini na tano," alisema. "Amepigwa pale." Akaelekeza kidole dirishani.

"Dada, wanapigwa wakifunguliwa. Ndiyo kanuni."

"Uliona akipigwa?"

"Sikuona. Hutokea nyuma ya vilima."

"Mimi nimeona."

Nilimwambia, kwa upole, kwamba majonzi humfanya mtu aone yasiyokuwepo. Nilisema hivyo. Fundi Saa aliniambia niandike kila kitu.

Hakuniita mwalimu wala mdogo wangu. Aliomba pazia livutwe.


4 Julai

Nimewachorea wote saba macho mawili ya rangi kwenye mbawa, jeupe na jeusi, kama wafanyavyo wafugaji wengine. Kipanga akishuka hudhani anatazamwa, husita. Fundi Saa alipita akawaona. "Sasa wanafanana na wewe ukisimamia mtihani," alisema.


5 hadi 8 Julai

Upepo mkali siku nne. Wamekaa bandani. Dada hali chakula vizuri. Anakohoa.


10 Julai, Jumatano

Uzi hayupo.


11 Julai

Sina la kuandika kuhusu Uzi. Alikuwa mwepesi kuliko wote. Kama kuna aliyeweza kumkimbia ni yeye.


12 Julai, Ijumaa

Mmoja wangu. Wamebaki watano: watatu wangu, na wa dada wawili, Sindano na Pindo. Macho ya rangi hayakusaidia kitu.

Dada ameacha kujaza jedwali. Nilipouliza kwa nini, alisema kalamu imekuwa nzito. Muuguzi anasema kukohoa kumeshuka kifuani, na ameita daktari.


15 Julai, Jumatatu

Daktari alisema ni mapafu. Mtu aliyelala muda mrefu hupata maji kifuani; nilimweleza muuguzi sababu, naye akanisikiliza mpaka mwisho ingawa anaijua kuliko mimi.

Dada hataki kulala kitandani asubuhi. Anadai kiti chake, saa ile ile, hata kama sikuwapeleka ndege. Muuguzi anamfunga mablanketi na kumsogeza.


18 Julai, Alhamisi

Leo aliniita mdogo wangu. Nimelihesabu neno hilo kama mkulima anavyohesabu mvua za kiangazi.

"Mdogo wangu, Pindo usimpeleke tena."

"Atanenepa, dada. Ndege asiyeruka—"

"Najua. Atanenepa. Mwache anenepe."

Sauti yake ilikuwa ndogo, na mara hii sikubishana. Nilimtenga Pindo kwenye chumba cha pembeni. Nilimwambia nimefanya, akauliza, "Na mlango umefunga?" Nikasema nimefunga. Akauliza tena baada ya dakika chache, na tena.


22 Julai, Jumatatu

Dada amefariki leo saa tisa alasiri. Nilikuwa nimemshika mkono. Muuguzi alikuwa upande wa pili.


25 Julai

Tumezika. Watu walikuwa wengi. Karibu kila mwanamke aliyekuja alikuwa amevaa, au alinieleza kuhusu, nguo aliyoshonewa na dada.


29 Julai, Jumatatu

Dereva wa maziwa alikuja leo jioni kunipa pole tena. Alisema mashindano yako karibu, ndege wamekaa wiki mbili bila kuruka, na mimi sina nguvu za kupanda lori.

"Nipe mimi kikapu kesho, mzee wangu. Nimekubeba nacho mara ishirini. Kukifungua si hesabu ya kwenda mwezini."

Nikamkumbusha kanuni. Akasema, "Kanuni umeitunga wewe, unaweza kuipa likizo."

Nimekubali. Sindano na wangu watatu. Pindo anabaki, kama nilivyoagizwa. Nimemwandikia dereva kwenye karatasi: machimboni, saa mbili na dakika tano kamili. Wafike saa mbili na nusu. Mkono uliandika hivyo kwa mazoea tu, maana aliyekuwa akiwangoja saa hiyo hayupo.


30 Julai, Jumanne

Najaribu kuandika kwa utaratibu.

Kwa kuwa sikuwa kwenye lori, leo kwa mara ya kwanza msimu huu nilikuwa nyumbani wakati wa kupokea. Nilikwenda chumba cha nyuma. Kiti kilikuwa bado dirishani, blanketi limekunjwa juu yake. Nilikaa. Kiti chake ni cha chini kuliko nilivyodhani, na kutoka pale huoni uani sana. Unaona banda, halafu paa za jirani, halafu mnara wa tangi la maji, mzima, kama picha iliyowekwa kwenye fremu.

Saa mbili na dakika ishirini ndege alitua juu ya mnara.

Nilisema moyoni, huyo ndiye mwewe wa dada. Akageuka kutafuta upepo, akanipa mgongo, na akaukunja mkia. Ulikuwa umekatwa sawasawa. Hakuna mpasuko. Nilichukua darubini nikaangalia mabega. Nimefundisha watoto kutofautisha ndege hawa wawili kwa miaka thelathini na minne, nikiwachorea ubaoni. Alikuwa kipanga, jike, mkubwa, na alikuwa amekaa kama mtu aliyefika stendi mapema kidogo kwa sababu anajua basi lake huwa halichelewi.

Nilimpigia dereva simu.

"Usiwafungue."

"Mzee, uliandika saa mbili na tano. Nimewafungua saa mbili na tano. Kuna nini?"

Saa ya ukutani ilionyesha mbili na dakika ishirini na mbili. Nilikuwa na dakika nane, nazo nilikuwa nimezipanga mwenyewe.

Nilitoka uani na sufuria na mwiko, nikapiga. Nilipiga hadi majirani wakachungulia. Mnara uko mita mia mbili na kipanga hakugeuza hata shingo. Nikakumbuka kengele. Nilirudi ndani kuichukua kizingitini, na ili kuifikia nilisogeza pazia, na nyuma ya pazia, kwenye ubao wa fremu, upande ambao ni aliyekaa kitini tu angeufikia, kulikuwa na alama za chaki. Chaki ya fundi, ya bluu, ile ya kuchorea kitambaa. Vijistari vilivyosimama, vimepangwa safusafu, vinyoofu kama mshono. Kimoja kwa kila asubuhi aliyokuja yule ndege wa mnarani. Saba kati yavyo vilikuwa vimekatwa kwa msalaba.

Nilivisoma nimesimama. Kisha nikasikia mbawa.

Walikuja wanne, wamebanana, chini, kwa mwendo mzuri. Ilikuwa saa mbili na nusu. Kipanga hakuruka kama anayefukuza. Aliinuka juu kidogo, akajiachia. Sikuona pigo, niliona manyoya yamesimama hewani, mengi, mahali ambapo Sindano alikuwa. Wale watatu waliingia bandani kama mawe. Manyoya yalichukua muda mrefu kushuka. Mengine yaliangukia kwenye kioo.

Nilikuwa bado nimeshika kengele.


31 Julai, Jumatano

Muuguzi alikuja kuchukua vifaa vyake. Nilimwomba akae. Nilimuuliza, kwa mara ya kwanza, dada alikuwa akigonga kioo saa ngapi.

"Asubuhi, baba, baada tu ya kumkalisha. Kama saa mbili na dakika ishirini na tano hivi. Ananyanyuka kidogo kwenye kiti, anagonga kwa nguvu zake zote. Ndege wakishaingia bandani anaacha. Na siku ambazo hakuna ndege alikuwa hagongi, sasa ndiyo nafikiri. Siku hizo alikuwa anakaa tu anaangalia kule juu." Alifunga mkoba wake. "Nilipomletea ile kengele karibu alisema haifai, mwalimu hajui inakotakiwa kusikika."

Jioni nimefungua daftari hili nyuma na kulisoma kama ninavyosahihisha la mwanafunzi. Tarehe 11 Juni aliniambia. Tarehe 19 aliniambia na kunipa ushahidi wa mkia. Tarehe 2 Julai aliniambia ameona kwa macho yake, na kwenye taulo palikuwa na jeraha ambalo mtoto wa darasa la sita angeniambia halikubebwa kilomita ishirini na tano. Mara tatu, na mara tatu nilimweleza. Nilitaka kuzichana kurasa zile. Nimeziacha, maana wageni wa klabu watajifunza zaidi kwenye kurasa hizo kuliko kwenye hesabu zangu za mwendo.

Nilihamisha mahali pa kufungulia mara tatu. Nilibadili barabara, nikachora macho kwenye mbawa. Kitu pekee ambacho sikukigusa ni saa ya kufika, kwa sababu niliipanga kwa ajili yake, iwe zawadi. Kipanga aliijua zawadi ile kabla ya wiki kwisha. Na yeye aliyezawadiwa alikaa kitini kila siku, amefungwa blanketi, akiwaona watoto wa Cherehani wakiletwa kwa wakati.

Hakuniambia nibadili saa. Nimeliwaza hilo tangu jana. Labda alidhani mwenye kupiga hesabu atafika huko mwenyewe. Labda alichoka kuchorewa michoro. Nilitafuta ule wa mwewe nikaupata kwenye kopo lake la nyuzi, bado umekunjwa mara mbili. Upande wa nyuma ameuchora yeye, kwa chaki ya bluu: ndege mwenye mkia uliokatwa sawasawa. Kachora vizuri kuliko mimi.


3 Agosti

Nilikwenda kumwambia Fundi Saa sitashiriki. Alikuwa na saa ya mtu imefunguliwa mezani, magurudumu yote nje.

"Una watatu bado, na yule wa Cherehani."

"Watatu watakaa. Huyo hatoki kikapuni msimu huu."

Nilimweleza yote. Hakunikatiza, wala hakufanya mzaha. Mwisho alisema, "Unajua mimi huchelewa kila mahali. Mkeo, Mungu amrehemu, alisema nina ugonjwa. Ndege wangu nao wanafika saa yoyote. Sijapoteza hata mmoja mwaka huu, na nilidhani ni bahati."


10 Agosti, Jumamosi

Siku ya mashindano. Anga safi, upepo wa nyuma, siku ambayo dada angevaa ushungi wake mzuri hata kama anayemwona ni muuguzi.

Sikwenda klabuni. Nilikaa kwenye kiti chake kuanzia asubuhi. Kipanga alitua mnarani saa mbili na dakika ishirini. Nilichukua chaki nikaweka kistari kwenye fremu, chini ya vyake. Changu kimepinda. Alingoja hadi saa tatu kasoro kidogo, akaangalia huku na huku, akaondoka upande wa mto. Nilingoja zaidi. Saa sita mchana, saa isiyo ya mtu yeyote, nilifungua mlango wa pembeni nikamtoa Pindo mwenyewe, kwa mkono. Alikaa juu ya banda akinyoosha mbawa. Ni kweli amenenepa. Aliruka akazunguka paa mara mbili, mara tatu, mnara ukiwa mtupu, kisha akashuka akaingia. Kisha akaanza kunguruma, bila kupumzika, sauti ile ile ya Cherehani. Katika ukoo ule majike ndio hunguruma hivi, basi Pindo ni jike. Sikuwa nimejua.

Dada hakuliona hilo. Alitaka kuona mmoja akishuka bandani leo, na mmoja ameshuka, na kiti kilikuwa na mtu mwingine.

Namkabidhi Fundi Saa daftari hili. Kwa mwanachama mpya: nilipoanza nilikwambia kosa la wengi ni haraka, na sikulitaja jingine. Wengi wetu tunatafuta hasara pale tulipofungulia kikapu, kwa kuwa ndipo tuliposimama sisi. Mengine nimeyaandika, utayasoma.

Ila leo, kabla hujafunga kikapu chochote, nenda kwa yule anayekaa dirishani nyumbani kwako, mwulize ameona nini, na akikujibu, usimweleze kitu.